Namna ya kumtembeza mtoto Ngome Kongwe mpaka aielewe

Mtoto wa dada yangu alirudi skuli siku moja na daftari lake, ndani kaandika "Ngome Kongwe ilijengwa na Wareno", na tiki nyekundu ya mwalimu iko pale pale pembeni. Nikaisoma mara mbili. Nyumba yetu na ile ngome, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, mtoto anapita pale kila akienda kula urojo bustani ya Forodhani, na hajui nani kaijenga. Nikamwambia kesho ukitoka chuoni tunakwenda mie na wewe. Tokea siku ile nimeshawapeleka wenzake, jirani zake, na wageni kutoka Dar na Tanga, na kila nikenda nnapata njia nzuri zaidi ya kuieleza, kwa hiyo leo nnaiandika hapa ili na wewe mzazi au shangazi au mjomba ufanye mwenyewe, huhitaji kuwa mwalimu wa historia.

Kwanza wakati. Nendeni baada ya sala ya alasiri. Ngome imeelekea baharini na jua la jioni linaupiga ukuta wa mbele ubavu, sasa kila jiwe na kila shimo linatoa kivuli chake, ukuta unasomeka kama maandishi. Ukienda saa sita mchana utaona ukuta wa kahawia tu, na mtoto atalia jua. Msimu wa masika uache, lipu inarowa kila kitu kinafanana rangi na chini panateleza. Chupa ya maji, kofia, daftari na penseli, basi. Ukishuka daladala Darajani mpitishe mtoto vichochoroni mpaka atokee Forodhani, usichukue teksi mpaka getini. Mara zote nilizoingia mchana sikudaiwa tiketi, usiku kukiwa na tamasha hapo ni jambo jengine.

Sasa jambo muhimu kuliko yote: msianzie getini. Watu wengi wanakosea hapa, wanaingia moja kwa moja, wanaona majani na maduka ya vinyago, wanapiga picha wanatoka, mtoto hajapata kitu. Anzieni baharini. Msimamishe mtoto pale ukutani Forodhani wanaporuka wale vijana wa mbizi, mgongo auelekeze ngome, uso auelekeze maji, umuulize: "Unaona nini?" Atakwambia majahazi, boti za Dar, watu. Mwambie aangalie mbali zaidi. Ataona visiwa, Changuu, Bawe, Chapwani. Hivyo visiwa na miamba yake vinakata mawimbi, na mji wenyewe uko upande wa magharibi wa Unguja ambao una utulivu, ndio maana chombo kikifika hapa kinapumzika.

Halafu mweleze upepo, na hapa usiharakishe kwa sababu bila ya upepo ngome hii haina maana. Kaskazi inavuma Disemba mpaka Machi hivi, inasukuma majahazi kutoka Oman, Uajemi na India mpaka huku kwetu. Kusi inaanza kiasi cha Aprili na ndiyo inayowarudisha. Maana yake nahodha aliyekuja na kaskazi hawezi kuondoka anapotaka, lazima angoje upepo ugeuke, na muda wote huo anakula hapa, anauza hapa, anatengeneza chombo hapa, na analipa ushuru hapa. Muulize mtoto kwa nini pahala hapa panaitwa Forodhani. Forodha si ndiyo kwenye ushuru! Mimi nikimfikisha mtoto hapo naona macho yanabadilika, ameshafahamu mwenyewe kwamba mwenye kuishika bandari hii ameshika mfuko wa pwani nzima, na mwenye mfuko anatafuta pa kuulinda.

Kitu kimoja zaidi kabla hamjageuka. Mwambie hiyo bustani mliyosimama haikuwa hivi zamani, ufukwe ulikuwa karibu zaidi na kuta. Na nyuma ya mji kulikuwa na maji pia, bahari ikiingia kwa mkono mpaka kule Darajani, na jina si limejieleza, palikuwa na daraja, na aliyekaa upande wa pili akaambiwa yuko Ng'ambo. Kwa hiyo mji wa zamani ulikuwa kama ulimi umetoka baharini, umefungwa na maji karibu pande zote, na ngome imekaa upande wa bandarini. Mchoree kwenye daftari, ulimi, maji, kisanduku kidogo cha ngome. Mchoro huo wa dakika moja una kazi kuliko kurasa tatu.

Haya geukeni.

Nendeni mpaka ukutani kabisa, muache mtoto auguse kwa kiganja, taratibu bila ya kukwangua. Pale lipu ilipobanduka ataona jiwe lenyewe, na jiwe si jiwe la mlimani, ni tumbawe. Mtafutieni lile lenye mistari inayojipinda kama ubongo, au lile lenye vitobo vitobo kama sega la nyuki, yapo, mimi nnalo moja nnaloliendea kila safari upande wa kulia wa geti usawa wa kifua changu, mtoto wa dada yangu sasa analiita "jiwe letu". Baada ya kuligusa anajua kwamba ngome hii imetoka baharini yenyewe. Na kilichoshikanisha mawe ni chokaa, na chokaa pia ni tumbawe, linapangwa juu ya tanuri la magogo, linachomwa, linazimwa kwa maji, linaachwa likae lilainike, halafu linachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Dari za ndani zilikuwa za boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, ndiyo maana vyumba vya kizamani vya Mji Mkongwe ni vyembamba, mita tatu hivi, virefu kwa kwenda mbele tu. Fundi alikuwa anapimiwa na mti.

Baadae angalieni juu, yale meno ya ukuta, mlinzi anajificha nyuma ya jino anachungulia kwenye pengo. Na minara. Hapa ndipo unapolijibu lile daftari la skuli, na jibu liko kwenye umbo. Minara ya hapa ni ya mviringo. Kama mtoto ameshaiona Fort Jesus ya Mombasa, hata kwa picha kwenye simu, mfungulie picha hiyo pale pale ailinganishe. Ile ya Mombasa Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596, aliyeichora alikuwa Mtaliana akiitwa Giovanni Battista Cairati, na ina pembe kali zilizochongoka kwenda nje, ndio mtindo wa Ulaya wa wakati ule, ili mizinga ya pembe moja iweze kupiga mbele ya pembe nyengine pasibakie pahala pa adui kujificha. Hii yetu ni kuta nne za kunyooka na minara ya duara, mtindo wa Waarabu wa Oman. Kwa hiyo mtu akikwambia Mreno kajenga hii, mwambie aangalie kona.

Sasa tarehe, na mimi nnawapa watoto tarehe chache tu lakini nnazitaka wazishike. Vasco da Gama alitia nanga Unguja 1499 akirudi India. Mwaka 1503 Ruy Lourenço Ravasco akaja na mizinga akamlazimisha mtawala wa Unguja alipe kodi kwa mfalme wa Ureno. Wareno wakakaa pwani yetu kama miaka mia mbili, lakini hapa Unguja hawakuwa na ngome kubwa kama ya Mombasa, walikuwa na kituo cha biashara na kanisa. Machi 1696 Waomani chini ya Imamu Saif bin Sultan wakaizingira Fort Jesus, mzingiro wa karibu miaka mitatu, njaa na maradhi vikaua watu wengi kuliko risasi, na Disemba 1698 ikaanguka. Unguja nayo ikatoka mikononi mwa Wareno, na Mwana Fatuma, malkia wa hapa aliyekuwa na urafiki na Wareno, akapelekwa Muscat. Wakati huo huo, baina ya 1698 na 1701, ndiyo ikajengwa ngome hii. Kwa hiyo mtoto aandike hivi: imejengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, ili Wareno wakirudi waikute. Sababu ya ujenzi ndiyo historia yenyewe, mwaka unafuata nyuma.

Ingieni ndani sasa. Lakini mkiwa chini ya geti, kwenye kile kivuli cha baridi, simameni kidogo umuulize mtoto: "Gereza maana yake nini?" Atasema jela. Mwambie sawa, lakini neno lenyewe limetoka kwa Wareno, *igreja*, na kwao maana yake ni kanisa. Inakuwaje kanisa liwe jela?

Muache afikiri, usimpe jibu, ingieni mpaka ndani muutafute ukuta wenye mabaki ya lile kanisa. Kanisa lilijengwa mwanzoni mwanzoni mwa miaka ya 1600, au kabla kidogo, hapa hapa, na Waomani walipojenga ngome hawakulivunja lote, jiwe lililokwisha kuchongwa na kusimamishwa nani anataka kulibeba mara ya pili! Sehemu ya kuta zake ikaingizwa kwenye ngome na bado imo kwenye ukuta wa ndani. Watu wakaendelea kupaita kwa jina la zamani, gereza, ijapokuwa sasa ni ngome. Karne ya 19 mji ulipokuwa mkubwa, Seyyid Said, sultani wa Oman, ameshahamishia makao yake hapa, ngome ikawa kambi ya askari, wengi wao Mabulushi kutoka Baluchistan, na ikawa pahala pa kufungia wahalifu. Hukumu za kifo zilikuwa zikitekelezwa nje ya ukuta wa mashariki, hadharani. (Hili la hukumu mtoto chini ya miaka kumi mimi simwambii, wewe mzazi pima mwenyewe.) Basi jina likahama, kanisa likawa ngome, ngome ikawa jela, na neno likabakia na maana ya mwisho. Sie leo tunasema "jeshi la magereza" na hatujui kwamba tunatamka neno la Mreno la kanisa. Mimi nnaipenda sehemu hii kuliko zote, na nnaona watoto nao wanaipenda, njia nzima ya kurudi wanauliza na bendera? na meza? na leso? Ndio, zote hizo zimetoka kwa Mreno, mizinga aliondoka nayo maneno akatuachia.

Mkiwa uwanjani wape nafasi wakimbie kidogo, halafu waite wakae kwenye ngazi za ule ukumbi wa wazi. Hapo utamaliza yaliyobakia kwa haraka. Mwaka 1754 Wamazrui, watawala wa Mombasa, walikuja kuivamia Unguja wakashindwa, na ngome ilifanya kazi yake. Lakini miaka ikaenda na mizinga ya meli ikawa na nguvu ambayo tumbawe haliwezi kuihimili, na siku ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipopiga kasri ya Sayyid Khalid, aliyejitangaza sultani, hapo jirani, vita vyote viliisha kabla ya saa moja kupita, na waliouawa na kujeruhiwa upande wa kasri walikuwa kiasi cha mia tano. Msimamishe mtoto umuoneshe pahala kasri ilipokuwa, ni karibu, hatua chache tu. Ngome za namna hii wakati wake ulikuwa umekwisha.

Baada ya hapo ikafanyishwa kazi nyengine kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa depo ya reli, ndio, Unguja tulikuwa na treni, ikitoka hapa mjini mpaka Bububu kama kilomita 11, imejengwa na kampuni ya Kimarekani na ikipita kwenye njia nyembamba hizi hizi za mji. Mwaka 1949 uwanja ukawa wa tenisi, wa klabu ya akina mama. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaachwa ikachakaa, mpaka miaka ya 1990 ikakarabatiwa na kujengwa hizi ngazi mlizokalia. Tamasha la filamu la nchi za majahazi likaanza 1998, la muziki la Sauti za Busara 2004, na mtoto ambaye amewahi kusikia taarab au ngoma ndani ya kuta hizi usiku basi ana kumbukumbu yake mwenyewe ya kuongezea. Mwaka 2000 Mji Mkongwe mzima uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Hapa niingize jambo moja kuhusu hadithi, maana utakutana nazo nyingi. Siku moja nimekaa pale na watoto akapita mtembezaji mmoja na wageni wake, akawaambia hapa ndipo palipokuwa soko la watumwa. Watoto wakanitazama. Soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, na Waingereza, na juu yake likajengwa kanisa la Anglikana ambalo bado lipo. Wale wageni wamerudi kwao na pahala si penyewe, na waliouzwa pale Mkunazini wanastahili pahala pao patajwe kwa usahihi. Kwa hiyo wafundishe watoto kuipima kila hadithi kwa miaka. Mfano mzuri ni huo huo wa Bububu: watu wanasema jina limetokana na sauti ya treni, bu-bu-bu. Inachekesha na watoto wanaipenda, lakini treni imekuja 1905, na Bibi Salme binti Seyyid Said alikuwa akikaa Bububu kabla ya kuondoka Unguja 1866. Basi jina lilikuwepo na treni haijazaliwa bado. Mpe mtoto miaka hiyo miwili, muache aitatue mwenyewe, furaha atakayoipata hutoisahau.

Kabla hamjatoka, kazi moja ya mikono. Zungukeni nje kuta zote nne, mtoto mmoja ahesabu hatua, mwengine achore kila mnara alioupita, na mwengine atafute sehemu zilizotengenezwa karibuni. Za karibuni anazijua kwa rangi, na ikiwa saruji imetumika ataona kitu kibaya zaidi: ukutani saruji inakaa kama sahani ngumu, unyevu na chumvi vya ndani havina pa kutokea, vinajikusanya nyuma yake mpaka siku lipu inamwagika na jiwe limeliwa. Chokaa inapumua. Mafundi wa chokaa wanalijua hili tokea babu zao, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zinaharibika kwa sababu mwenye nyumba kaona saruji ni rahisi na inakauka haraka. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa jirani na ngome, sehemu yake iliporomoka siku ya tarehe 25 Disemba 2020, na mafundi wawili wakafariki ndani, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mie nilisimama Forodhani jioni ile nikaangalia lile pengo, na mpaka leo nikipita na watoto siwezi kupita kimya. Nnawaonesha, nnawaambia nyumba hii Sayyid Barghash aliijenga 1883, ina umri mdogo kuliko ngome karibu miaka mia mbili, na imeanguka ya umri mdogo.

Kwa hiyo pia mkataze mtoto kuandika jina ukutani. Utayaona majina, yamekwanguliwa na mioyo na namba za simu, na kila herufi ni mlango wa maji ya mvua. Mpe daftari aandike humo.

Mkitoka ni karibu na maghribi, kaeni Forodhani mnunue miwa na mishkaki, na hapo umwambie afungue lile daftari la skuli. Wa kwangu aliikata ile sentensi kwa mstari mmoja, juu yake akaandika Waomani, 1698 hadi 1701, halafu akachora mnara wa duara, kesho yake akaenda nalo akamuonesha mwalimu, kwa adabu.

Na kama mna jamaa Pemba, safari ya pili ifanyeni Chake Chake, kuna ngome ya Waarabu pale ambayo sasa ni makumbusho. Chukueni daftari lile lile. Hapo minara mengine ni ya duara na mengine ni ya pembe nne, na mtoto aliyeishika habari ya kona atauliza kabla yako.